Sura ya 7: Mashine ya Msasa na Vumbi Lake

High Wycombe ni mji wa Uingereza uliokua kwa kutengeneza viti. Katika miaka ya 1960, Esmé Hadfield, daktari wa masikio, pua na koo aliyehudumia eneo hilo, aliona jambo lililomshtua. Wagonjwa wa aina moja ya saratani ya ndani ya pua, ambayo ni adimu sana kwa watu wengine, walikuwa wakifika mmoja baada ya mwingine, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya samani. Mwaka 1968 yeye na wenzake, akiwemo mtafiti wa magonjwa Donald Acheson, walichapisha matokeo yao katika jarida la British Medical Journal. Kilichowaunganisha wagonjwa wale kilikuwa vumbi walilolivuta kazini. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, na likaliweka katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo ushahidi wake hauna tena shaka.

Naanzia huko kwa sababu sura hii inahusu mashine inayodharauliwa kuliko zote karakanani. Msumeno wa duara humtisha kila mtu, kwani meno yake yanaonekana. Mashine ya msasa ya duara haina meno. Ni ndogo, hushikwa kwa mkono mmoja, na ukigusa msasa wake unaozunguka utachubuka tu. Ndiyo maana hukabidhiwa yeyote aliye karibu, bila maelezo na bila barakoa.

Nataka fundi anayesoma sura hii aondoke na jambo moja: vumbi linaloharibu mapafu ndilo hilo hilo linaloharibu ubao. Fundi anayeliondoa vumbi anapata kazi safi na afya kwa gharama moja. Anayeliacha anapoteza vyote viwili.

Jinsi inavyozunguka

Chomoa waya kwenye umeme, igeuze mashine, kisha uzungushe kwa kidole kile kitako cha mpira kinachobandikwa msasa. Kitazunguka kwa wepesi, na ukitazama vizuri utaona kwamba kitovu chake hakikukaa sawasawa na kitovu cha mota. Kimesogezwa kidogo pembeni. Mota inapozunguka, kitako kizima huchora viduara vidogo sana vyenye upana wa milimita 2 hadi 5, kutegemea mashine, maelfu ya mara kwa dakika. Mashine nyingi hufika 12,000. Wakati huo huo, kwa kuwa kitako kimeshikwa na beringi yake yenyewe, nacho huzunguka polepole kivyake.

Mizunguko hiyo miwili ikichanganyika, kila chembe ya msasa hupita njia mpya kila mara. Mikwaruzo yake inakatana, inakuwa midogo na haielekei upande mmoja. Kwa sababu hiyo unaweza kupita juu ya kona ya fremu ya mlango, mahali ambapo nyuzi za mbao mbili zinapishana, bila kuacha mistari mirefu inayokatiza nyuzi kama ile ya mashine ya msasa wa mkanda.

Lakini mzunguko ule wa pili ni mnyonge. Ukiikandamiza mashine, kitako kinaacha kuzunguka kivyake na kubaki kikitetemeka papo hapo. Chembe zinarudia njia ile ile na kuchimba alama ndogo zilizojikunja. Ubao ukiwa mkavu huzioni. Unaziona baada ya kupaka rangi ya mbao au vanishi, wakati mteja ameshapigiwa simu aje kuchukua meza yake.

Kuna njia rahisi ya kujifunza uzito unaofaa. Chora mstari mmoja kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo wa kitako, uwashe mashine juu ya ubao, na uutazame. Ukiona mstari unazunguka, mkono wako uko sawa. Mstari ukisimama, umekandamiza. Katika kazi ya kawaida, uzito wa mashine pamoja na uzito wa mkono uliolegea unatosha.

Pembeni mwa kitako, mashine nyingi zina pete ya mpira. Hiyo ni breki: inakizuia kitako kisishike kasi kikiwa hewani. Pete ikilika, kitako kitazunguka kwa nguvu kabla ya kugusa mbao, na kitakapogusa kitachimba shimo la mviringo. Ukiona mashine yako imeanza kuruka inapogusa ubao, kagua pete hiyo kabla ya kulaumu msasa.

Kuichagua

Kwa samani za nyumbani, kitako cha milimita 125 kinatosha. Cha milimita 150 humaliza haraka meza kubwa na milango, ila ni kizito zaidi na hakiingii sehemu nyembamba. Chagua mashine yenye kidhibiti cha kasi na mdomo wa vumbi unaoweza kuunganishwa na mpira wa mashine ya kufyonza vumbi. Angalia pia mpangilio wa matundu ya kitako, kwa kuwa msasa utakaonunua lazima uwe na matundu yanayolingana nayo. Mashine yenye matundu yasiyo na msasa wake mjini ni hasara.

Ukinunua mashine iliyotumika, soma kibati chake kabla ya kutoa pesa. Iliyotengenezewa soko la Marekani hutumia volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni 240. Ukiichomeka moja kwa moja, mota itaungua.

Kabla ya kuwasha

Nusu ya kazi nzuri hufanyika mashine ikiwa imezimwa. Kila unapobadilisha msasa, chomoa waya. Futa kitako, kwa kuwa vumbi likijaa kwenye velkro msasa hautashika. Linganisha matundu ya msasa na ya kitako, kisha ubonyeze kote. Tundu likizibwa, vumbi halina pa kupita na litabaki chini ya msasa. Usiwashe mashine bila msasa juu ya mbao hata kidogo: joto litayeyusha velkro na utalazimika kununua kitako kipya.

Kisha ugeukie ubao. Ng'oa misumari na pini zote. Bandua gundi iliyoganda kwa patasi, kwa kuwa msasa huiyeyusha na kuziba. Alama za randa zilizo nzito ziondolewe kwa randa, maana mashine ya msasa hulainisha. Haikusudiwi kunyoosha ubao uliopinda. Funga ubao kwa klampu, au uweke juu ya zulia la mpira usiteleze. Kitu kidogo kisichofungika kipigwe msasa kwa mkono.

Waya uupitishe begani ili usiingie chini ya kitako. Kama unatumia waya wa ekstensheni, ukunjue wote, na uwe mnene wa kutosha. Waya mwembamba uliokunjwa hupata moto. Kabla ya kuchomeka, hakikisha swichi imezimwa. Swichi za mashine nyingi za msasa hubaki zimewashwa zenyewe bila kushikiliwa, na hapo ndipo kukatika kwa umeme kunapokuwa hatari. Umeme ukikatika mchana, fundi huiweka mashine chini na kwenda kunywa chai. Umeme ukirudi, mashine inaamka peke yake na kurukaruka juu ya meza. Umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kuzima swichi, la pili kuchomoa waya. Chai ifuate.

Funga nywele ndefu, kunja mikono ya shati, vua shanga na mikufu. Vaa miwani ya kazi. Kama utafanya kazi kwa muda mrefu, ziba masikio.

Mkono juu ya mashine

Weka kitako kikiwa bapa juu ya ubao, washa, na uanze kusogea papo hapo. Ukimaliza, inua mashine ikiwa bado inazunguka, izime, na usubiri isimame kabisa kabla ya kuiweka chini. Usiilaze upande ili kuondoa doa moja. Ukingo wa msasa utachimba bonde ambalo vanishi italionyesha kila mwanga unapopita. Doa likiwa gumu, panua eneo unalopiga au urudi kwenye msasa wa namba ya chini.

Mwendo ni wa polepole. Sentimita mbili na nusu kwa sekunde ni kiasi kizuri, na kila mstari upande juu ya nusu ya mstari uliotangulia. Ukifika ukingoni, usiache zaidi ya theluthi moja ya kitako ining'inie nje, la sivyo kingo zitakuwa za mviringo.

Tuchukue mfano wa meza ya mninga yenye urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 90. Kwa mwendo huo, mstari mmoja unachukua sekunde 72. Kwa kitako cha milimita 125 kinachopanda nusu kwa nusu, utahitaji mistari 15 hivi. Hiyo ni dakika 18 kwa msasa wa namba moja, na dakika 54 kwa namba tatu, bila kuhesabu kusafisha na kubadilisha. Fundi anayemaliza meza kama hiyo kwa dakika 15 ameruka kitu, na ubao utamshtaki. Hesabu hii itakufaa pia utakapopanga bei.

Kupanda namba

Kabla ya msasa wa dukani, watu wa Afrika Mashariki walilainisha mbao kwa majani makavu ya mti wa msasa, ambao wanabotania huuita Ficus exasperata. Jani lile lina ukali wa aina moja. Msasa wa leo umepangwa kwa namba, na namba ikipanda, chembe zinakuwa ndogo: P80 ina chembe za wastani wa maikroni 200, P120 maikroni 125, P180 maikroni 82, na P220 maikroni 68. Maikroni 1,000 ni milimita moja.

Tazama hatua hizo. Kazi ya kila namba ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, basi. Ukiruka kutoka P80 hadi P220, unaziomba chembe za maikroni 68 zifute mabonde yaliyochimbwa na chembe kubwa mara tatu. Zitalainisha vilele na kuacha mabonde. Kwa mkono ubao utakuwa laini, lakini rangi itaingia kwenye mabonde na kuyaonyesha. Kwa mbao iliyopigwa randa, P80, P120 na P180 zinatosha. Ongeza P220 kama utapaka vanishi nyembamba. Kuzidi hapo kabla ya rangi ya mbao ni kujidhuru, kwa kuwa uso ukilainika kupita kiasi haunywi rangi vizuri.

Ili kujua umemaliza namba moja, chora mistari ya penseli juu ya ubao mzima kabla ya kuanza. Ikifutika yote kwa usawa, hakuna sehemu uliyoiruka. Kisha safisha ubao kabla ya namba inayofuata. Chembe moja ya P80 iliyobaki juu ya meza, ikinaswa chini ya msasa wa P180, itachora mkwaruzo ambao P180 haina uwezo wa kuufuta. Mwishoni, piga msasa kwa mkono kufuata nyuzi, kwa namba ile ile uliyomalizia. Alama chache zilizobaki zitajificha ndani ya nyuzi.

Vumbi

Sasa tunafika kwenye kiini. Vumbi lisipoondoka chini ya msasa, linajaza nafasi kati ya chembe, na msasa unakuwa butu kabla ya wakati. Msuguano unaongezeka, joto linapanda, vumbi linagandamana kuwa madonge, na madonge hayo yanachora alama zilizojikunja. Mashine iliyounganishwa na mfyonzo mzuri hukata haraka zaidi, hutumia misasa michache na huacha uso safi. Anayeona mpira wa kufyonzea ni anasa, ahesabu misasa anayotupa kwa mwezi.

Na lile linalokimbia msasa linakwenda wapi? Sehemu kubwa inaanguka sakafuni, na hiyo unaiona. Sehemu iliyo ndogo kabisa, isiyoonekana kwa jicho, inaelea kwa muda mrefu na kuingia ndani ya kifua. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu miligramu 2 tu za vumbi la mbao ngumu katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa nane. Chukua karakana yenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 60, kwa hiyo kiwango hicho ni miligramu 120 kwa chumba kizima, pungufu ya moja ya nane ya gramu. Mashine moja isiyofyonzwa inaweza kukipita ndani ya muda mfupi.

Mbao zetu nyingi nzuri ni ngumu, na baadhi zina madhara yanayokuja mapema kuliko saratani. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuleta pumu na kuwasha ngozi. La mninga hukera pua na kifua. La mpingo huwasha ngozi. Fundi anayekohoa kila akipasua mvule asijifariji kwamba atazoea. Mwili uliokwisha kuikataa mbao huzidi kuikataa kila inaporudi.

Mpangilio wa kinga uwe huu. Kwanza, fyonza vumbi linapozaliwa. Mashine ya kufyonza yenye chujio la vumbi laini ni bora kuliko kifuko cha mashine, na kifuko ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Kimwagwe kabla hakijafika nusu. Pili, hewa ipite. Ukifanya kazi nje, ujue upepo unatoka wapi, usimame ubavuni mwake, na uangalie unakolipeleka vumbi. Karakana nyingi, kuanzia Keko jijini Dar es Salaam hadi Ngong Road jijini Nairobi, ziko kando ya njia, na chini ya upepo kuna mama lishe, mtoto wa jirani na abiria wanaongoja gari. Mapafu yao hayakutia saini ya kazi yako. Tatu, vaa barakoa ya kweli, yenye alama ya FFP2 au N95, iliyobana uso pande zote. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi kubwa na kupitisha lile linaloua, na ndevu nyingi huiachia barakoa mwanya.

Jioni, usipulize karakana kwa kompresa, kwani unalirudisha hewani vumbi lililokwisha kutulia. Fyonza, au fagia baada ya kunyunyiza maji. Usipulize nguo ulizozivaa pia. Zivue kabla ya kumbeba mtoto.

Rangi ya zamani, moto na mikono

Mlango au dirisha la zamani lililopakwa rangi lisipigwe msasa mkavu hadi ujue rangi hiyo ni ya aina gani. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa risasi huathiri ubongo unaokua. Kama una shaka, ilowanishe rangi na uikwangue kwa mkono ikiwa mbichi, kusanya mabaki yote, na uwaweke watoto mbali.

Vumbi pia huwaka. Msumari uliosahaulika ukiguswa na msasa hutoa cheche, na cheche ikifyonzwa ndani ya kifuko kilichojaa vumbi inaweza kufukuta saa nyingi kabla ya kuonekana. Vumbi la vanishi na la mafuta ya kitani linaweza hata kupata moto lenyewe likirundikana. Kifuko kimwagwe kila jioni katika debe la chuma lililo nje, na mashine isilale karakanani ikiwa imeshiba.

Mikono nayo ina haki yake. Mtetemo wa miaka mingi hudhuru mishipa ya damu na ya fahamu ya vidole. Ganzi inayobaki baada ya kazi ni onyo. Shika kwa wepesi, pumzika kila unapobadilisha namba, na mpokezane.

Nani anapiga msasa?

Karakana nyingi zina desturi isiyoandikwa: fundi mkuu anapima, anakata na kuunga, kijana anayejifunza anapiga msasa. Kwa mpangilio huo, mapafu machanga kuliko yote ndiyo yanayokula vumbi lingi kuliko yote, siku nzima, kwa miaka ya kwanza ya kazi. Saratani walizoziona madaktari wa High Wycombe zilichukua miongo kujitokeza. Kijana anayeanza leo akiwa na miaka 17 atalipa deni hilo akiwa baba wa familia, mbali na karakana iliyomkopesha, na hakuna atakayeikumbuka ile meza.

Kwa hiyo namwomba kila mwenye karakana afanye mambo matatu. Siku unayonunua mashine ya msasa, nunua barakoa na mpira wa kufyonzea, na kama pesa haitoshi kwa vyote, mashine ingoje. Kabla ya kumpa kijana mashine, mfundishe mstari wa kitako, mpangilio wa namba na kuchomoa waya umeme ukikatika. Ni somo la asubuhi moja. Na unapoandika bei ya meza, andika humo saa nzima ya msasa, karatasi zake na barakoa zake, kama unavyoandika mbao na gundi. Mteja akiuliza kwa nini meza yako ni ghali kuliko ya jirani, mwambie apitishe kiganja juu yake, kisha umweleze kwamba aliyeilainisha analipwa bila kuuza pumzi zake.